Nani Anamjibia? Mwanamke Mgeni na Chumba cha Mjini Tangu Enzi za Manamba



Mwezi huu tulikuwa tumeahidi kuandika juu ya lasi za shela na namna ya kuzitunza zisigeuke manjano. Mtatuwia radhi, lasi zitasubiri. Jumanne iliyopita, baada ya Alasiri, binti wa kaka yetu alitupigia simu kutoka Hanga. Tulikuwa na nguo tatu za harusi mezani, na moja kati ya hizo ilikuwa bado haijatiwa mikono. Binti alikuwa na furaha hadi maneno yanampalia. Amepata kazi Dar es Salaam, katika karakana ya kushona sare za shule pale Kariakoo, na anatakiwa aanze baada ya wiki mbili.

Tukamwuliza atalala wapi.

"Nimeshapata rumeti, shangazi. Tumejuana kwenye simu. Ana chumba Tandika, tutachangia kodi nusu kwa nusu."

"Ni mtoto wa nani?"

Akacheka. "Shangazi, siku hizi hatuulizani hivyo."

Tukazima cherehani. Sisi tunaowaandikia ni wawili, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mdogo, wote wazaliwa wa Hanga, na leo ni mwaka wa kumi tuna duka la kushonea maharusi hapa Unguja mjini. Mwari akija kupimwa huja na mama, shangazi na somo wake, na sisi tukiwa na futi shingoni tunasikia yote. Tunasikia jinsi mposaji alivyochunguzwa: anaswali msikiti gani, anadaiwa na nani, mama yake ana ulimi wa namna gani, mke wa kwanza aliachwa kwa lipi. Watu hutumwa hadi Pemba na Tanga kuuliza. Lakini binti huyo huyo akienda mjini kusoma au kufanya kazi, atakaa chumba kimoja na mtu, kitanda kimoja na ufunguo mmoja, na hakuna anayeuliza hata jina la baba wa huyo mtu. Usiku ule tulikaa hadi saa sita tukizungumza tangu lini jambo hili likawa hivi, maana halikuwa hivi. Makala haya yametoka hapo.

Tuanzie kwetu. Kwa msiopajua, Hanga iko mkoani Ruvuma, upande wa Songea unaoelekea Namtumbo. Wengi wanapajua kwa sababu ya abasia ya Wabenediktini iliyoanza pale mwaka 1957, nasi Waislamu wa huko tumekua tukisikia kengele yao na adhana yetu asubuhi moja. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja. Leo ni safari ya basi ya siku nzima. Babu zetu waliikanyaga kwa miguu.

Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, nchi yetu iliachwa na makaburi na njaa. Reli haikufika, zao la kuuza halikuwepo la maana, lakini kodi ya kichwa ilidaiwa kila mwaka. Kwa hiyo wanaume waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Lindi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba na akahesabiwa kwa hiyo. Mtaalamu Mwingereza aitwaye P. H. Gulliver alifanya utafiti kwetu miaka ya mwanzo ya 1950, akachapisha mwaka 1955 kazi nzima juu ya Wangoni na Wandendeule wanavyohama kutafuta kazi. Mwanamume akihama hivyo hakuhitaji kutafuta mwenzake wa chumba. Kambi ilimpangia. Alilala na aliopangiwa, akila posho aliyopimiwa, na mkataba ukiisha alirudi na blanketi na kanga za mkewe.

Mke alibaki. Hakuna aliyemwandikia namba.

Gulliver huyo huyo alitoa kitabu kingine mwaka 1971 kuhusu Wandendeule, majirani zetu wa upande wa Namtumbo, na humo ndimo tulimoona lile swali letu la "mtoto wa nani". Wandendeule walikuwa wakihamahama kufuata ardhi mpya ya kulima. Mtu alipotaka kuhamia makazi mapya, alikwenda pale alipo na mtu: mjomba, shemeji, binamu, hata ukoo wa kuungaunga. Huyo ndiye aliyemweleza kwa wengine. Yeye na jamaa zake ndio waliokuja kumsaidia kulima, na siku akigombana na jirani ndio waliokaa naye barazani kumsemea. Udugu ulikuwa lugha ya ujirani. Bibi yetu mzaa mama alikuwa na neno lake kwa hili, mgeni yeyote akipita alimwuliza, "Nani anakujibia hapa?" Sisi watoto tulidhani ni ukali. Kumbe alikuwa anamtafutia mgeni mtu.

Sasa twende pwani, maana huko ndiko wanawake wa bara walikokwenda walipoanza kuondoka wenyewe.

Dar es Salaam ya zamani ilikuwa mji mdogo. Sultan Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga miaka ya 1860, Wajerumani wakaukuza, Waingereza wakaurithi. Kariakoo, anakokwenda kufanya kazi binti yetu, ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha Vita vya Kwanza, kilichoitwa Carrier Corps. Hesabu ya watu ya 1957 ilikuta mji mzima una watu karibu 129,000. Ile ya 2022 imekuta mkoa una watu 5,383,728. Mkizitazama namba hizo mbili mtaelewa nusu ya tatizo la chumba bila sisi kusema zaidi.

Lakini tunachotaka mkione ni nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni na Temeke ilijengwa kwa namna moja: ujia katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, mbele baraza, nyuma ua. Uani ndiko kwenye jiko, choo, kamba ya nguo na mtungi wa maji. Mwenye nyumba mara nyingi alikaa humo humo na kupangisha vyumba vilivyobaki. Na wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache. Mjane aliyerithi, mtalaka aliyeuza vitumbua na maandazi miaka kumi akanunua kiwanja, bibi aliyeachiwa chumba na mtoto wake. Hawa ndio waliokuwa "mama mwenye nyumba". Mgeni yeyote, mwanamke au mwanamume, alipita mbele ya baraza lake kuingia na alipita uani kwake kwenda kuoga. Hakukuwa na mlango wa siri. Mtu akileta mgeni usiku, asubuhi ua mzima unajua, na bibi hahitaji kuuliza kwa sauti kubwa.

Serikali ya kikoloni ilimtuma afisa wake J. A. K. Leslie kuchunguza maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka 1963. Aliona kwamba anayefika mjini hufikia kwanza kwa ndugu au mtu wa kwao, hukaa kwake akitafuta kazi, ndipo baadaye anapanga chumba chake, na hapo anaweza kukaa nyumba moja na watu wa makabila mengine kabisa. Yaani kabila halikuwa ukuta wa nyumba. Lilikuwa mlango wa kuingilia mjini tu. Ukishaingia, uliyekaa naye uani ndiye akawa ndugu yako.

Na wanawake walikuwa na mlango mwingine, ngoma. Tunajua baadhi yenu mtakunja uso, na hatuandiki kuhalalisha kila kilichochezwa. Tunasema historia. Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, vikundi vya lelemama na ngoma za wanawake vilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake (na sare ni kazi yetu, kwa hiyo tunavipenda kwa hilo), na mgeni akiingia alipata watu wa kumwuguza na watu wa kumzika. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955, alikwenda kwa viongozi wa vikundi hivyo, na hao wakawaleta watu wao. Wanaume walishangaa wanawake wamepangika lini. Walikuwa wamepangika tangu zamani, uani, kwa ajili ya harusi, misiba na wageni.

Hapa Unguja mfano wetu ni Siti binti Saad. Watu humkumbuka kwa sauti, sisi tunamkumbuka kama mgeni mjini. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akafundishwa kazi ya vyungu, akavileta mjini kuuza, na mwaka 1911 akahamia kabisa. Hakuwa na jina la ukoo la kujivunia wala mali. Hakufikia Mji Mkongwe kwenye majumba ya ghorofa. Alifikia Ng'ambo, ng'ambo ya hori, kwa watu kama yeye, wengi wao waliotoka utumwani wao au wazazi wao, kila mmoja akijenga kibanda juu ya ardhi ya mtu mwingine. Ng'ambo ilikuwa mji wa wageni waliojibiana. Mwaka 1928, wenye ardhi walipokuwa wakipandisha kodi za viwanja, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, na wanawake walikuwamo. Mwaka huo huo Siti alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Tukipita leo na daladala kwenye maghorofa marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi pale zilipokuwa nyumba za udongo za Ng'ambo, huwa tunajiuliza ni bibi gani alimpokea Siti usiku wake wa kwanza. Lazima alikuwepo.

Nairobi nayo ina habari yake. Katika mitaa ya Pangani na Pumwani, miaka ya 1920 na 1930, wanawake wengi waliokuwa wametoka vijijini walisilimu, wakajenga nyumba na kupangisha vyumba. Baadhi walipata mtaji wao kwa njia ambayo hatuwezi kuisifu hapa, na waandishi wa historia hawakuificha. Lakini mwanamke kijana aliyefika mjini akiwa amekimbia ndoa ya nguvu au njaa alipokelewa na mwenye nyumba aliyemwita mwanangu, na wengine walifikia kurithishana nyumba kwa udugu huo wa dini. Tuliposoma habari hiyo tulinyamaza. Ni rahisi kumhukumu mtu kwa alikopata pesa ya mabati. Ni vigumu zaidi kujibu mabati yetu sisi, tuliyoyapata kwa halali, yamemfunika nani.

Mji ukakua. Miaka ya 1960 TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi. Tulipokuwa wadogo balozi alikuwa mtu wa kuogopwa, akiingia anajua umepokea nani na atakaa siku ngapi. Wengi wenu mmesikia mabaya yake, nayo yalikuwepo. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni ya Nguvu Kazi, watu wa mjini waliokosa kazi inayotambulika walikamatwa na kurudishwa vijijini, na mwanamke asiye na cheti cha ndoa wala barua ya mwajiri alikuwa rahisi kuitwa mzururaji, hata kama alikuwa anauza samaki kwa jasho lake kila siku. Huko ndiko kujibiwa kulikogeuka kulindwa kwa rungu. Tunalisema hili ili msidhani tunalilia zamani zote.

Baada ya kuja vyama vingi mwaka 1992 balozi akabaki mtu wa chama chake, na barua za utambulisho zikawa kazi ya ofisi ya serikali ya mtaa. Huku visiwani tuna sheha, na kwa kweli sheha bado anajua.

Kisha kuna mwaka 2005, ambao hauzungumzwi. Mpaka hapo Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba, ya 1984, yenye mabaraza yake. Ilifutwa mwaka huo. Mwenye nyumba akawa huru kudai anachotaka na kwa namna anayotaka, na kilichozoeleka ni kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, na ya dalali ya mwezi mmoja juu yake. Fanyeni hesabu na sisi. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi: miezi sita ni 360,000, dalali 60,000, jumla 420,000 kabla hujanunua ndoo. Fundi msaidizi anayeanza ataipata wapi kwa mkupuo? Hapo ndipo rumeti anapozaliwa. Zamani ulimpata mwenzako wa chumba kwa sababu mwenye nyumba au somo wako amekukutanisha naye. Sasa unampata kwa sababu ana 210,000 na wewe una 210,000.

Na mwenye nyumba mwenyewe ameondoka. Amejenga Kibaha au yuko ughaibuni, amemwachia dalali namba ya simu. Baraza limezungushiwa nondo. Vyumba ni vile vile sita, lakini hakuna bibi mbele.

Tunayajua haya kwa sababu yalitukuta. Mwaka 2011, tukiwa tumemaliza kidato cha nne na kozi ya ushonaji Songea, mmoja wetu alitangulia Dar es Salaam na cherehani ya miguu ambayo baba alimuuzia mahindi ya msimu mzima. Alipata chumba cha kuchangia na dada mmoja aliyekutana naye kwenye foleni ya kujaza fomu za kazi. Tuseme haki ya yule dada, kwa sababu haki ni muhimu katika habari hii. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa anaswali vipindi vyake, alikuwa anapika akaweka akiba ya mwenzake, na siku mwenzake alipougua malaria alimbeba hadi zahanati kwa nauli yake. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa binamu yake wa kiume, ambaye alikuwa na ufunguo. Tulikuja kujua baadaye kwamba alipewa ufunguo kabla hata ya sisi kufika, kwa kuwa alichangia kodi ya mwanzo.

Usiku mmoja, yule dada akiwa zamu ya usiku kazini, aliufungua mlango. Mwenzetu alikuwa amelala. Hakuguswa, alhamdulillah, kwa sababu alipiga ukelele na mpangaji wa chumba cha pili, mzee wa Kimakonde ambaye hatujawahi kumjua hata jina, aligonga ukuta na kuuliza kuna nini. Yule kijana akasema amekosea mlango. Wiki iliyofuata cherehani haikuwepo, na pamoja nayo satini nyeupe mita kumi na mbili ya biharusi wa watu, siku tisa kabla ya ndoa yake.

Tulikwenda kwa dalali, simu imezimwa. Tulikwenda ofisi ya mtaa, wakauliza barua yetu ya utambulisho iko wapi. Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumekaa mtaa ule miezi minne na hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye sababu ya kusema, huyu namjua. Yule dada alilia kuliko sisi. Satini tuliilipa kwa kushona bure miezi mitatu, na yule biharusi, Allah amlipe kheri, aliolewa na nguo ya kuazima na hajatusema vibaya mpaka leo.

Kwa miaka tulidhani kosa letu lilikuwa kutomchunguza tabia. Halafu mwaka juzi, kwenye darsa la wanawake hapa mtaani, ustadhati alisomesha hadithi ya Fatima bint Qays, iliyomo katika Sahih Muslim, na mmoja wetu akamshika mwenzake mkono.

Mnaijua hadithi hiyo kwa upande wake wa posa. Fatima aliachwa talaka ya mwisho, na eda yake ilipokwisha alichumbiwa na Muawiya na Abu Jahm, akaja kumwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie. Akaambiwa wazi wazi hali ya kila mmoja, kwamba huyu hana mali na yule ni mkali kwa fimbo yake, kisha akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd, akaolewa naye, akaona kheri. Maharusi wetu husomewa kipande hicho kila siku. Kinachopitwa ni cha mbele yake: kabla ya posa palikuwa na swali la chumba. Fatima alihitaji mahali pa kukaa eda. Kwanza aliambiwa akae kwa Umm Sharik, mwanamke mwema na mkarimu. Kisha Mtume akabadilisha. Masahaba wengi huingia kwa Umm Sharik, na Fatima asingepata stara. Akaelekezwa nyumbani kwa Ibn Umm Maktum, ambaye alikuwa kipofu, huko anaweza kuvua nguo zake za nje bila mashaka.

Umm Sharik hakuwa na kasoro yoyote. Wema wake wenyewe ndio ulioifanya nyumba yake kuwa na wageni wengi. Kilichotazamwa ni nani anaingia. Na aliyetazama, aliyekaa akafikiria usalama wa mwanamke mmoja aliyeachwa hadi akabadilisha maelekezo yake, ni Mtume mwenyewe, katika mji ambao watu wa Makka walipohamia alikuwa ameunga udugu kati yao na wenyeji, mtu na mtu wake kwa majina, asibaki mgeni asiyejulikana na nyumba.

Tulitoka darsani tukiwa kimya hadi Mwanakwerekwe. Chumba chetu cha 2011 kilikuwa na Umm Sharik ndani yake, na sisi tulisahau kuuliza juu ya mlango.

Basi usiku ule wa Jumanne tulimpigia binti tena. Hatukumwambia asiende, nasi tulikwenda, na bila kwenda tusingekuwa na duka. Tulimwambia atuombee namba ya mama wa huyo rumeti wake. Alisitasita, akaona haya. Tukamwambia, hivi wewe ukiposwa tutaona haya kupiga simu? Baada ya siku mbili namba ikaja, ya Masasi. Tulizungumza na yule mama dakika arobaini, tukaanza na mvua na korosho. Naye, kumbe, alikuwa hajalala akiwaza mwanawe anaishi na nani. Alituuliza maswali mengi kuliko tuliyomwuliza sisi: binti yenu anaswali, ana mchumba, mchumba anakuja nyumbani, ana ndugu wa kiume hapo Dar? Tulijibu yote. Mara ya kwanza tulijisikia kama tunaposwa sisi.

Kisha tukauliza la ufunguo. Mama alinyamaza kidogo, akasema kuna shemeji. Tulilizungumza, na kwa heshima zote shemeji ameombwa arudishe ufunguo na kitasa kimebadilishwa. Fundi alitumiwa hela kwa simu, nusu Masasi, nusu Unguja. Tumempata pia bibi mmoja wa Temeke, mteja wetu wa zamani aliyeoza binti zake wanne kwa mikono yetu. Yeye ndiye atakayekwenda na binti ofisi ya serikali ya mtaa na barua yake ya kutoka Hanga, ili pale mtaani pawe na mtu mzima aliyemleta. Amesema kila Ijumaa binti aende kwake kula. Si mbali, Tandika na Temeke ni majirani.

Wengine mtatuandikia kwamba si kila binti ana shangazi mwenye wateja Temeke. Ni kweli, na hilo ndilo linalotukosesha usingizi zaidi. Hapa dukani tuna chumba cha nyuma tunachowekea majora ya vitambaa na sanamu mbili za kuvalishia nguo. Tumeanza kupima kama kitanda cha futi tatu na nusu kinaingia. Kinaingia, ila sanamu itabidi zihamie dukani mbele.

Binti anapanda basi Songea Jumapili alfajiri, inshaAllah. Mama wa Masasi ameomba tumpigie akishafika.